Mistari Tisini na Sita

Printa ya skuli ya Limbani ilipokufa
mwalimu mkuu aliniachia kwa elfu tano na salamu kwa mama.
Nikaifungua kwa ajili ya kitu kimoja:
kioo cha pande sita, kidogo kuliko kipande cha haluwa.

Hesabu niliiandika ukutani kwa mkaa.
Kikizunguka mara mia nne kwa sekunde,
mara pande sita, ni mistari elfu mbili na mia nne;
gawa kwa picha ishirini na tano,
inabaki tisini na sita.
Bisaumu akasoma, akacheka:
"Hata msala wangu una chane nyingi kuliko hiyo."
Kweli. Lakini msala haukimbii.

Nyekundu nilikuwa nayo, ya mashine iliyochoma diski za harusi.
Buluu ilishukia Mkoani ndani ya soksi ya mtoto
isije ikavunjika.
Kijani ndiyo mtihani.
Ukiiambia waka, inakohoa kwanza;
ukiiambia zima, inaacha mkia,
na kila anayepita kwenye picha
amepita na bado hajapita.

Dayodi tatu za mwanzo niliziua mwenyewe.
Hazifi kwa moshi wala kishindo.
Umeme unapanda kidogo, kiasi cha kupepesa kope
(na umeme wa Wete hupanda ukipenda),
kisha unaona bado inawaka, kinyonge,
taa kama taa nyengine yoyote.
Mwili upo. Leza imeshatoka.

Juu na chini nilimpa spika ya redio,
kipande cha kioo nimekigundisha kwenye koni yake.
Akanguruma usiku kucha, paka akahama.

Na miali mitatu, lazima ipite njia moja!
Nakaza skrubu hadi adhana ya alfajiri,
jua likipiga bati, meza ya plaiwudi inajinyoosha,
nyekundu imehamia kwa jirani.
Mwisho nikavifunga vyote juu ya kijaa cha bibi,
jiwe lililosaga mtama miaka sitini
bila kuondoka pahala pake.

"Faki, usichungulie kwenye mwali!
Jicho halina spea,
si Wete, si Unguja, si Dubai."
Tangu siku hiyo anaingia kinyumenyume.

Tukatundika shuka uani.
Mkanda wa harusi yetu, mwaka wa tisini na tisa.
Akatokea bibi harusi,
na usoni mwake mstari mmoja katika kila sita umefifia.
"Umenifunika chiki," akasema Bisaumu.
Wiki mbili nililaumu mota.
Nikalaumu waya, nikalaumu chumvi ya hewa,
nikawalaumu watu wa umeme kwa majina yao.
Halafu nikakitoa kioo, nikakigeuza kwenye kurunzi,
upande wa nne:
alama ya dole gumba.
Nikaweka langu juu yake. Likaenea sawasawa.

Bisaumu hakusema neno.
Akachovya ncha ya khanga kwenye spiriti, akafuta.

Usiku ule picha ilisimama.
Haikuwa nzuri. Mwanga ulichemka punje punje,
kila nikitikisa kichwa zile punje zinahama,
na kijani bado na mkia wake.
Lakini meno yalionekana, na hina,
na nyuma, mlangoni, mtu ameshika sinia.
"Yule si Mwanaate?" Bisaumu akasogea.
"Yule si—"

Umeme ukakatika.

Sekunde arobaini, kwa saa ya Faki.
Tulikaa gizani, hakuna aliyeomba kibiriti.
Juu ya kijaa kioo kilikuwa bado kinazunguka,
tukakisikia kikishusha sauti, kidogo kidogo,
pande zake zote sita safi,
kinapanga mistari, hakina cha kupanga.